Ndege Zetu Zilikwenda Wapi?

Makala haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya waliokosa kuyasikia, na kwa wale walioomba kuyasoma kwa utulivu.

 

Leo nina habari za vifo viwili. Cha kwanza ni cha baba yangu mdogo, aliyefariki Tanga mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 76. Cha pili ni cha makumbusho ya ndege za zamani huko Newquay, kusini magharibi mwa Uingereza, yaliyofunga milango yake mwaka 2022. Mtaniuliza, fundi mstaafu wa Tanga na makumbusho ya Waingereza, wapi na wapi? Ndugu zangu, kati ya viwili hivyo ilisimama ndege moja kubwa, na ndege hiyo iliwahi kuwa yetu.

Mwaka 2018 nilikuwa Uingereza kwa mafunzo ya wiki chache. Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa pande za Cornwall, na mwisho wa juma moja akanichukua kwa treni kwenda kwao. Nilipomwambia kwamba nimelelewa na fundi wa ndege, akasema basi twende uwanja wa Newquay, pana kitu utakipenda. Uwanja ule zamani ulikuwa kambi ya jeshi la anga iliyoitwa St Mawgan. Ni mahali pa upepo. Bahari iko karibu, na ukilamba midomo unaonja chumvi.

Ndani ya uzio palikuwa na ndege za kila aina. Palikuwa na Hunter, zile ndege za kivita zenye pua kama mkuki. Palikuwa na BAC One-Eleven ya abiria. Wazee waliostaafu kazi zao walikuwa wakizunguka na matambara na makopo ya rangi, wakipangusa hapa na kukwangua kutu pale, kwa mapenzi tu, bila mshahara. Na nje, kwa kuwa hakuna banda ambalo lingeitosha, ilisimama ndege ndefu ya rangi ya kijivu, mkia wake juu kama minara miwili ya msikiti iliyopandana, na injini nne zimebanwa nyuma, mbili kila upande. Ubavuni iliandikwa ZA148.

Nilisimama mbele yake nikiitazama kama mtu anayemtazama mgeni ambaye sura yake si ngeni. Mzee mmoja wa pale akanisogelea akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akacheka, akaniambia, "Basi hii ni ndugu yako. Kabla ya kuwa mwanajeshi ilikuwa ndege ya abiria ya Afrika Mashariki. Jina lake la kwanza ni 5Y-ADA."

Jina hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Baba mdogo alikuwa na desturi ya kuzitaja ndege zake baada ya chakula cha usiku, kama wengine wanavyotaja majina ya ng'ombe wao. UVA, MMT, ADA, UVJ, MOG. Sisi watoto tuliyaimba majina hayo tukirukia kamba, bila kujua kuwa tunaimba historia ya nchi tatu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wengi wetu tulizaliwa baada ya mambo hayo.

Shirika la ndege lililoitwa East African Airways lilianza safari zake Januari 1946, likiwa na ndege ndogo za Dragon Rapide, zenye mabawa mawili yaliyopandana na kiunzi cha mbao. Zilikuwa ndege za kubeba watu wachache, barua na magazeti kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Entebbe. Mwaka 1960 shirika likapata ndege zake za kwanza za jeti, aina ya Comet, na sasa mtu akaweza kupanda Nairobi akashuka London ndani ya ndege yenye jina la Afrika Mashariki. Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilika lakini shirika likabaki moja. Na mwaka 1967, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipotiwa sahihi, shirika likawa mali ya Jumuiya pamoja na reli, bandari, posta na simu.

Wakati huo ndipo zilipoanza kuja Super VC10. Ndege hii ilibuniwa kwa ajili ya viwanja kama vyetu. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mchana hewa yake ni nyepesi. Ndege nzito ikitaka kuruka mahali kama hapo huhitaji nguvu nyingi au njia ndefu mno ya kurukia. Waingereza walitaka ndege ya kuhudumia viwanja vya Afrika na Asia, wakaunda VC10 yenye injini nne za Rolls-Royce zenye nguvu ya kutosha. Injini zikiwa nyuma, mabawa yalibaki huru kufanya kazi yake ya kuinua. Na abiria walipata jambo jingine la kupendeza: kelele zote waliziacha nyuma yao.

Zilitengenezwa 54 tu za aina zote mbili, ya kawaida na ile kubwa iitwayo Super. Shirika letu lilinunua Super tano. Ya kwanza ilifika mwaka 1966. Ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 1970, nayo ndiyo iliyokuwa VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani Weybridge. Baada ya hiyo ya kwetu, haikutengenezwa nyingine tena.

Sikilizeni jinsi zilivyosajiliwa, maana hapo pana somo. Mbili zilibeba herufi za Uganda, 5X-UVA na 5X-UVJ. Mbili zilibeba za Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG. Moja ilibeba za Kenya, ile 5Y-ADA. Lakini hakuna ndege iliyokuwa ya nchi moja. Rubani Mganda aliweza kurusha ndege yenye herufi za Kenya iliyofungwa tairi na fundi kutoka Tanga, ikiwa na wahudumu kutoka Moshi na Kisumu. Zilikwenda London na Roma, zilikwenda Karachi na Bombay. Baba mdogo aliingia karakana ya Embakasi mwaka huo huo wa 1967, kijana wa miaka 22. Alikuwa akisema, "Karakanani hatukuulizana kabila wala pasipoti. Tuliulizana spana namba ngapi."

Siku za raha hazikosi siku ya msiba. Tarehe 18 Aprili 1972, UVA ilikuwa katika safari ya kutoka Nairobi kwenda London kwa kupitia Addis Ababa na Roma. Ilipokuwa ikikimbia kuruka pale Addis Ababa, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha ndege. Breki hazikufanya kazi yote iliyotakiwa, kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa imerudishwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka bondeni na kuwaka moto. Watu 107 walikuwamo, na 43 walifariki.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza baba mdogo juu ya siku hiyo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo tuliache." Nikaliacha. Lakini nilielewa kwa nini hata alipokuwa akitengeneza baiskeli ya jirani, alikaza nati, akailegeza, akaikaza tena, kisha akamwita mtu mwingine aje aitazame.

Zilibaki ndege nne. Nazo zingeweza kufanya kazi miaka mingi, kama wenyewe tungekaa pamoja. Wote tunajua kilichotokea. Katikati ya miaka ya 1970 madeni yalikuwa mengi, na kila upande ukawa unamlaumu mwenzake kwamba hapeleki fedha makao makuu Nairobi. Siasa nazo zilikuwa zimeharibika. Rais wa Uganda na Rais wa Tanzania hawakuweza kukaa meza moja tangu Idi Amin aliponyakua madaraka mwaka 1971, na Kenya na Tanzania walikuwa wakirushiana maneno magazetini, huyu akimwita mwenzake bepari na yule akimjibu kwa lake.

Mwezi Januari 1977 ndege zikasimama. Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi huo huo, na mwanzoni mwa Februari ikaanza kuruka kwa Boeing 707 za kukodi. Februari hiyo hiyo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Mwezi Machi likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania. Uganda nayo ilikuwa na lake. Kufikia katikati ya mwaka, Jumuiya yenyewe ilikuwa imekwisha. Palipokuwa na shirika moja lenye VC10 nne, pakawa na mashirika matatu yasiyokuwa na VC10 hata moja.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Lakini tuseme kweli, kunguru huyu alikuwa na hati ya deni mkononi. Ndege zilikuwa hazijalipiwa zote, na watengenezaji walizichukua zikarudishwa Uingereza. Tuliokuwa tukigombania kiti cha rubani tuligeuka tukakuta ndege haipo.

Baba mdogo alirudi Tanga kwa kupitia Namanga siku chache kabla ya mpaka kufungwa. Alibeba sanduku moja la bati. Ndani yake mlikuwa na nguo, ovaroli mbili, na daftari la kazi lenye michoro aliyoichora kwa mkono wake. Mtu aliyekuwa akihudumia injini za Rolls-Royce akaajiriwa kutengeneza matrekta katika shamba la mkonge. Sikumsikia akilalamika. Alisema trekta nalo ni chombo, lina heshima yake, ila haliimbi.

Mgawanyo wa mali za Jumuiya ulichukua miaka. Mpatanishi alikuwa Mswisi aliyeitwa Victor Umbricht, na makubaliano yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984. Wazee waliofanya kazi katika mashirika ya Jumuiya waliendelea kudai mafao yao, mahakamani na barabarani, mpaka miaka ya 2000. Wengi wenu mtakumbuka kuwaona Dar es Salaam, wamekaa chini ya miti na makaratasi yao ndani ya mifuko ya nailoni.

Na ndege je? Zile Comet za mwanzo zilikwisha kwenda kabla ya mgogoro. Zilichukuliwa na kampuni ya Dan-Air ya Uingereza, na mwisho zikakatwa zikawa chuma chakavu. Zile VC10 nne zilinunuliwa na jeshi la anga la Uingereza ili zigeuzwe kuwa ndege za mafuta, zile zinazoruka na kuzinywesha ndege nyingine mafuta angani kwa mpira mrefu. Zilipewa namba mpya kwa kufuatana: MMT ikawa ZA147, ADA ikawa ZA148, UVJ ikawa ZA149, na MOG ikawa ZA150. Viti viling'olewa, na ndani ya tumbo yakawekwa matangi makubwa. Zilipakwa rangi ya kijeshi. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ndege za mafuta za VC10 zilikuwa zikizunguka juu ya jangwa, zikinywesha ndege za kivita zilizokuwa zikienda Iraq na kurudi.

Hesabu kidogo, ndugu zangu. ADA ilikaa nasi miaka 10, kutoka 1967 mpaka 1977. Ilikaa jeshini karibu miaka 30. Tulidhani imezeeka nasi, kumbe ilikuwa bado kijana.

Mwaka 2013 VC10 zote zikastaafishwa. ZA149 ilipelekwa Bruntingthorpe, uwanja ambako ndege nyingi za aina yake zilikatwa, nayo ikakatwa. ZA147, MMT yetu yenye herufi za Tanzania, ilitua uwanja huo huo tarehe 25 Septemba 2013. Hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Siku moja kabla yake, ZA150 ilitua Dunsfold, ikawa chini ya makumbusho ya Brooklands, yaliyopo hapo hapo Weybridge ilikozaliwa. Ile iliyotoka kiwandani mwisho ikapata watu wa kuitunza na kuwasha injini zake mara kwa mara. Na ZA148 ilitua Newquay mwezi Agosti 2013, ikakabidhiwa kwa makumbusho yale ya upepo na chumvi.

Hapo Brooklands kuna VC10 nyingine ambayo nataka muifahamu, maana wenyeji wa pwani wana udugu na mwenyewe. Ilikuwa ya Sultan Qaboos wa Oman. Mwaka 1987, alipokuwa ameitumia vya kutosha, aliitoa zawadi kwa makumbusho yale. Ikarushwa mpaka pale, ikatua katika njia fupi, ikabaki. Wageni wakawa wanapanda na kuona viti vya Sultani vilivyo. Nimeifikiria sana ndege hiyo. Mwenye mali alichagua mwenyewe siku ya mwisho na mahali pa mwisho. Sisi zetu zilichaguliwa na mdai.

Nilipiga picha nyingi Newquay. Niliporudi nikapanda basi kwenda Tanga. Nikamkuta baba mdogo barazani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini cha Ulaya?"

Nikampa simu yenye picha. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili. Rangi ya kijivu ilimchanganya kidogo. Kisha akafika kwenye picha ya ubavu wa kushoto, sehemu ya mbele. Akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Ule mlango upo?"

Sikuelewa mlango gani. Akanieleza. Super VC10 za kwetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo, tofauti na ule wa abiria. Shirika liliutaka kusudi, ili sehemu ya mbele iweze kubeba mizigo na nyuma wakae abiria. Yeye na wenzake ndio walioutunza, bawaba zake, mipira yake ya kuzuia hewa, kufuli zake. Alisema ulikuwa mlango mkaidi, ukiubembeleza unakuitikia na ukiulazimisha unakugomea.

Nikakumbuka jambo alilonieleza yule mzee wa Newquay. VC10 za kawaida zilipogeuzwa kuwa za mafuta, mafundi walilazimika kuzipasua mgongo ili kuingiza yale matangi. Lakini za kwetu hazikupasuliwa. Matangi yaliingizwa kwa mlango wa mizigo.

Nilipomwambia hivyo, baba mdogo alicheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. Akamwita mkewe atoke jikoni aje asikie. "Mlango wetu!" alisema. "Mlango wetu umewafaa!" Jioni ile kila aliyepita barazani alielezwa habari za mlango.

Baadaye nikatoa simu nikamwomba anisimulie kazi ya Embakasi, nirekodi. Alisimulia kwa dakika 11. Zimo sauti za jogoo na za mtoto wa jirani. Anaeleza jinsi walivyosikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi sikioni. Kisha adhana ya magharibi ikasikika, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake nikarudi kazini Dar es Salaam kwa basi la asubuhi. Nikajiambia nitakuja likizo nikiwa na kinasa sauti kizuri, nikae naye wiki nzima.

Wasikilizaji, kazi yangu ni kuhoji watu. Kwa zaidi ya miaka 20 nimewahoji mawaziri, wakuu wa mikoa, viongozi wa vyama, na mabingwa wa mpira. Nimewasogezea kipaza sauti watu ambao hawakuwa na la kusema. Na mtu mmoja aliyekuwa na la kusema, aliyekuwa baba yangu, nina dakika zake 11. Likizo ile nilikwenda mahali pengine. Iliyofuata ikaja na ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 nikaenda Tanga kuzika.

Daftari lake la michoro nililiulizia baada ya matanga. Shangazi akasema mchwa waliliingia zamani, wakachoma yaliyobaki.

Mwaka uliofuata, mwenyeji wangu wa Cornwall akaniandikia. Makumbusho ya Newquay yanafungwa. Muda wa pango ulikuwa umefika mwisho, na wenye ardhi, ambao ni halmashauri ya Cornwall, walikuwa na mipango mingine na eneo lile. Ndege ikabidi zitafutiwe wa kuzichukua, na ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 50 si kiti cha kubeba begani. Wale wazee wenye matambara wakarudisha funguo.

Kwanza nilikasirika. Nikajiuliza, watu wenye uwezo kama wale wanashindwaje kutunza kitu? Kisha nikajicheka. Wao waliitunza miaka tisa ndege ambayo kwao ilikuwa moja katika nyingi. Waliipaka rangi na kuikinga na chumvi, na walikumbuka jina lake la kwanza, wakamwambia Mtanzania aliyepita. Sisi tulioipa jina hilo hatuna hata bawa, hata kiti, hata mlango.

Wako watakaosema kwamba ndege kuukuu ni chuma tu, na nchi zenye uhaba wa dawa na madawati haziwezi kuweka ndege mbovu zikipigwa na jua. Neno hilo lina uzito, sitalipuuza. Kuhifadhi ndege ni gharama. Hata Newquay, palipokuwa na wapenzi na wageni wenye kulipa kiingilio, paliwashinda. Makumbusho nayo hufa, kama watu na kama mashirika. Kwa hiyo sitasema tungeng'ang'ania VC10 mwaka 1977. Hatukuwa na fedha wala urafiki wa kufanya hivyo.

Ninalosema ni dogo zaidi, na halihitaji fedha za kigeni. Chuma kilikwenda, lakini waliokijua kilivyofanya kazi walirudi nyumbani. Walirudi Tanga, Moshi, Kisumu, Mombasa, Jinja na Kampala. Walirudi na majina, michoro, nyimbo za karakanani, na habari za siku ya Addis Ababa ambazo wengine hawakuweza kuzisema. Waliokuwa marubani walirudi, na waliokuwa wahudumu, na waliokuwa wakiuza tiketi. Kijana wa miaka 22 aliyeanza kazi mwaka 1967 alitimiza miaka 76 mwaka 2021. Wenzake waliobaki wanakaribia miaka 80 au wameipita. Hawa ndio makumbusho yetu, na mkataba wa pango lao hakuna anayeuongeza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi mwaka 2000. Viongozi husema tumejifunza kutokana na makosa ya ile ya kwanza. Nawaamini, lakini nauliza: tumejifunza kwa nani, ikiwa waliokuwamo hatukuwaketisha wakatueleza? Hotuba za marais zimehifadhiwa. Hesabu za madeni zimehifadhiwa. Habari za mtu wa Tanga aliyemwita Mganda na Mkenya waje watazame nati aliyoikaza, kabla ndege haijaruka, hizo ziko wapi? Mimi naona Jumuiya ilikuwa pale zaidi ya ilivyokuwa kwenye meza za mikutano, na pale ndipo palipochelewa kuvunjika.

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo. Si lazima awe wa ndege. Huenda alikuwa dereva wa treni, au baharia wa Ziwa Victoria, au mpokea simu wa posta ya zamani. Siku hizi kila mwenye simu ana kinasa sauti mfukoni. Keti naye. Mwulize majina ya vyombo vyake. Akisema tutaendelea kesho, basi kesho iwe kesho, usipande basi la asubuhi kama mimi.

Zile dakika 11 ninazo bado. Mwishoni kabisa, kabla ya adhana, anasikika akiniuliza, "Hiyo inanasa kweli?" Nami najibu, "Inanasa, baba mdogo." Naye anasema, "Haya, basi nitakueleza vizuri."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.